Ukali wa pilipili hauui vijidudu: Ilime nyumbani, lakini ihifadhi kwa tahadhari

Ukifungua kabati la jikoni kwako leo, huenda utakuta chupa ya pilipili. Pengine ni pilipili mbuzi iliyosagwa na kitunguu saumu, au ni pilipili kichaa zilizotumbukizwa kwenye mafuta ya alizeti na kuachwa hapo tangu mwezi uliopita. Ukimuuliza mwenye jiko kama bado ni salama, jibu huwa fupi: "Kwa ukali huo, mdudu gani ataishi humo?"

Jibu hilo limezoeleka katika nyumba nyingi, lakini si sahihi. Vipo vijidudu vinavyostawi kwenye pilipili, na baadhi hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Wiki hii tutaangalia namna ya kupanda pilipili nyumbani na kuihifadhi bila kuiweka familia hatarini. Mambo ya kukumbuka ni matatu tu: ukavu, uchachu na baridi. Pilipili iliyohifadhiwa vizuri inalindwa na mojawapo ya hayo. Ukali haumo kwenye orodha.

Ukali unatoka wapi?

Kinachowasha kwenye pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini. Sehemu kubwa iko kwenye ule utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu, si kwenye mbegu zenyewe kama wengi wanavyodhani. Kapsaisini huamsha mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kutambua joto, ndiyo maana ulimi unahisi kuungua ingawa hakuna moto. Mwanasayansi David Julius wa Marekani, aliyetumia kapsaisini kuchunguza namna mwili unavyotambua joto, alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Kwa maneno mengine, ukali ni taarifa inayopelekwa na mishipa ya fahamu kwenye ubongo. Bakteria na kuvu hawana mishipa hiyo. Hata ndege hawausikii ukali huo, na ndiyo sababu unaweza kumwona kuku akidonoa pilipili kichaa uani bila taabu yoyote. Kapsaisini inaweza kupunguza kasi ya baadhi ya vijidudu, lakini kiasi kilichomo kwenye chupa yako hakitoshi kuilinda.

Kumbuka pia kwamba kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, bali kwenye mafuta. Jambo hilo litakusaidia tukifika kwa mtoto aliyewashwa.

Kwa nini ulime mwenyewe?

Ukilima mwenyewe unajua mmea wako umepuliziwa nini na lini. Ukisaga mwenyewe unajua kilichomo kwenye unga. Mwaka 2005 nchini Uingereza, mamia ya bidhaa za vyakula ziliondolewa madukani baada ya kugundulika kuwa unga wa pilipili uliotumika kuzitengeneza ulikuwa na rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1. Rangi hiyo hairuhusiwi kwenye chakula kwa kuwa inahusishwa na saratani.

Faida nyingine ni chumvi. Pilipili nyingi za chupa za dukani zina chumvi, na mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kula nyingi bila kujua. Ya kwako unaipima mwenyewe. Pilipili mbichi ina vitamini C kwa wingi, lakini tunakula kidogo mno kiasi cha kuitegemea. Matunda na mboga vibaki pale pale kwenye sahani.

Kupanda kwenye ndoo

Huhitaji shamba. Miche miwili au mitatu ya pilipili kichaa au pilipili mbuzi inaitosha familia ya kawaida. Tafuta ndoo ya lita 10 au zaidi na uitoboe matundu chini. Usitumie kopo la zamani la rangi, kwa sababu baadhi ya rangi zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Usitumie pia chombo kilichowahi kuwekewa dawa ya kuua wadudu, hata ukikiosha mara kumi.

Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaweza kubeba bakteria wanaosababisha kuharisha. Udongo wa kando ya gereji au dampo uache huko huko.

Mbegu zitoe kwenye pilipili iliyoiva hadi ikawa nyekundu, uzikaushe kivulini kwa siku chache, kisha uzisie kwenye kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Zitaota baada ya wiki moja hadi tatu, udongo ukiwa na unyevu na joto. Wiki sita hivi baada ya kusia, mche ukifika urefu wa kiganja, uhamishie kwenye ndoo yake. Weka mahali penye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, pale tu unapoingiza kidole na kukuta udongo wa juu umekauka. Maji mengi huozesha mizizi na kuangusha maua. Utaanza kuvuna miezi miwili na nusu hadi minne baada ya kuhamisha mche.

Kama umeweka sahani chini ya ndoo, mwaga maji yake angalau mara mbili kwa wiki. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba, na wakazi wa Dar es Salaam wanazikumbuka vizuri dengue za mwaka 2014 na 2019. Bustani yako isiwe mazalia ya mbu.

Wadudu wasumbufu ni vidukari, inzi weupe na utitiri. Anza kwa kuwaosha kwa maji yenye nguvu chini ya majani. Wakizidi, weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji na upulizie jioni. Ukilazimika kununua kiuatilifu, kiwe na lebo yake, usome ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzifuate. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiiona chupa hiyo atadhani ni kinywaji.

Kukausha: adui ni unyevu

Pilipili mbichi sehemu kubwa ni maji. Ikikauka polepole au nusunusu, kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaweza kuota na kutoa sumukuvu. Hiyo ndiyo sumu ile ile inayopatikana kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Nchini Kenya mwaka 2004, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyo ilileta maafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa kwetu.

Ni kweli kwamba pilipili tunakula kidogo kuliko ugali. Lakini sumukuvu hujumlishwa: ile ya unga wa mahindi, ya karanga na ya pilipili zote zinapita kwenye ini moja. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, inaongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Moto wa jikoni hauimalizi. Hivyo kinga ni kukausha vizuri tangu mwanzo.

Vuna pilipili zilizoiva, nzima, zisizo na vidonda, siku isiyo na mvua. Zioshe kwa maji safi na uzifute. Zile kubwa zipasue katikati ili zikauke haraka. Zitandaze safu moja kwenye kichanja kilichoinuliwa, juu ya wavu au kitambaa safi, na uzifunike kwa chandarua kuzuia inzi. Usizianike chini, kwa kuwa vumbi na kinyesi cha kuku hubeba bakteria kama salmonela. Ziingize ndani kila jioni kabla ya umande, na mawingu yakitanda zitoe haraka. Kipindi cha masika ni afadhali kuzigandisha kuliko kubahatisha jua.

Zilizopasuliwa huchukua siku tatu hadi saba za jua kali, na nzima zinaweza kufika wiki mbili. Jaribio ni hili: ikunje pilipili moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikipinda kama ngozi, bado. Ziweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, na kwa wiki ya kwanza ichunguze kila siku. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, zitoe uzianike tena. Ukiona kuvu ya kijani, nyeusi au nyeupe, tupa chupa nzima. Usichambue zilizo "nzuri", kwa sababu sumu haionekani kwa macho. Kwenye chupa kavu, mahali pasipo jua wala joto la jiko, pilipili kavu hukaa miezi 6 hadi mwaka.

Kwenye friji na friza

Pilipili mbichi, ikiwa na kikonyo chake na haijaloweshwa, hukaa kwenye friji wiki moja hadi mbili ukiiweka kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye friza, ioshe, ifute, ifunge kwenye mifuko midogo, na itakaa miezi kadhaa. Ikiyeyuka italegea, lakini ukali unabaki, na kwenye mchuzi hutaona tofauti. Kama hauna friji, usijilaumu: mti wenyewe ni ghala. Chuma unazotaka kupika leo, nyingine ziache zikae juu.

Hatari ya mafuta

Hapa naomba usome taratibu. Watu wengi wanaamini mafuta huhifadhi pilipili kwa sababu huzuia hewa. Ni kweli huzuia hewa, na tatizo ni hilo hilo. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum anayeishi kwenye udongo na kushika kwenye mimea. Akiwa kwenye hewa hujificha kama mbegu ngumu zisizo na madhara. Akiwekwa mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo uchachu na penye joto la kawaida la jikoni, huamka na kutoa sumu inayopoozesha misuli. Pilipili mbichi ndani ya mafuta, kabatini, inampa yote manne. Kitunguu saumu ndani ya mafuta ni vivyo hivyo.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 1977 katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan nchini Marekani, zaidi ya watu 50 waliugua baada ya kula pilipili zilizofungwa kienyeji kwenye vyombo na kutumiwa mgahawani. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichokuwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye friji.

Kwa hiyo, ukitaka pilipili ya mafuta, una njia mbili. Ya kwanza ni kuitengeneza kidogo, kuiweka kwenye friji mara tu inapopoa, na kuimaliza ndani ya siku 4. Ya pili ni kuigandisha kwenye vikopo vidogo na kutoa kimoja kimoja. Chupa iliyokaa kabatini wiki kadhaa itupe bila kuionja. Kunusa hakusaidii.

Siki ndiyo rafiki

Bakteria huyo hawezi kukua penye uchachu wa kutosha, na hiyo ndiyo siri ya achari. Tumia siki ya dukani yenye asidi ya asilimia 5, ambayo imeandikwa kwenye lebo. Chemsha chupa ya kioo na mfuniko wake kwa dakika 10. Zichane pilipili ili siki iingie ndani. Chemsha kikombe kimoja cha siki na kisichozidi kikombe kimoja cha maji, weka chumvi kidogo ukipenda, kisha mimina kikiwa cha moto hadi pilipili zote zizame. Ikipoa, weka kwenye friji, andika tarehe, na uimalize ndani ya miezi miwili. Usipunguze siki kwa kuogopa uchachu. Ukitaka ladha laini, ongeza sukari kidogo.

Pilipili ya kusaga yenye nyanya, karoti na vitunguu, iliyokamuliwa nusu limao tu, haina uchachu wa kutosha kukaa kabatini. Ihifadhi kwenye friji na uimalize ndani ya wiki moja. Asiye na friji atengeneze ya kula siku hiyo hiyo. Daima tumia kijiko kikavu na safi, si kile kilichotoka mdomoni.

Mtoto na pilipili

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Kwa mtoto methali hiyo inageuka: hakuila, na bado inamuwasha. Mama akikata pilipili kisha akamfuta mtoto uso au kumbadilisha nepi, kapsaisini iliyoshika vidoleni inahamia kwake. Vaa glovu au mifuko ya nailoni mikononi. Ukishamaliza, pakaa mafuta ya kula mikononi kwanza, kisha nawa kwa sabuni, maana maji matupu hayaitoi.

Ikiingia machoni, mlaze mtoto, fungua kope taratibu na umwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Usiweke mafuta, maziwa ya aina yoyote wala dawa ya macho ya mtu mwingine. Mdomo ukiwaka, mpe maziwa baridi au mtindi kama ameshaanza kula vyakula vingine. Vinasaidia kuliko maji. Ngozi ioshe kwa sabuni mara kadhaa. Unga wa pilipili uweke juu asikofika, kwa sababu akiuvuta puani njia ya hewa inaweza kubana. Mwenye pumu asikae jikoni wakati pilipili zinakaangwa au kusagwa.

Baadhi ya akina mama hupaka pilipili kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa. Tafadhali acha. Inamuunguza mtoto mdomo na macho, na inakuumiza wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Muda wa kuachisha ukifika, punguza nyonyo moja kila baada ya siku kadhaa na uweke chakula mahali pake. Kumpaka mtoto pilipili kama adhabu ni ukatili, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda dhidi yake. Ukishuhudia, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116.

Kwa wagonjwa

Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, pamoja na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini. Hata hivyo pilipili inaweza kuongeza maumivu na kiungulia kwa mwenye vidonda tayari. Kama inakusumbua, iache na ukapime, usiishie kuilaumu pilipili.

Mwenye vidonda mdomoni, bawasiri inayowaka au mpasuko njia ya haja kubwa apumzike nayo hadi apone. Mjamzito anaweza kuila, ingawa kiungulia kitamwambia kiasi. Kwa mwenye shinikizo la damu, pilipili na limao ni msaada wa kupunguza chumvi: kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku nzima.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Nenda mara moja ukiona mtu anaona vitu viwili viwili, kope zinashuka, anaongea kwa kukokota ulimi, anashindwa kumeza au anaishiwa nguvu kuanzia usoni kwenda chini, hata kama hana homa. Dalili hizi za sumu ya botulinum huanza mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mwambie daktari alichokula na ubebe chupa yenyewe. Nenda pia mtoto akipumua kwa shida baada ya kuvuta unga wa pilipili, au jicho likibaki jekundu, likiuma au likishindwa kufunguka baada ya kuoshwa.

Kabla hujalala leo, zitazame chupa zako za pilipili. Kila moja iulize: inalindwa na ukavu, na uchachu, au na baridi? Isiyo na jibu, itupe, kisha kesho sia mbegu mpya.